Naomba ushauri: kuondoa rangi niliyoipaka utotoni juu ya rangi ya kiwandani kwenye kigari cha Corgi

KobeWaChumbageni (Tanga)

Ndugu zangu wapenda vigari vya mfano, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma mijadala yenu kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini sasa nimepata kazi inayonishinda, na naomba mnivumilie nikiieleza kwa kirefu, kwa kuwa naamini jawabu linategemea mambo madogo madogo.

Mwezi uliopita tulifungua sanduku la bati la marehemu baba, na humo, chini ya madaftari ya hesabu za duka na shuka iliyoliwa na nondo, nikakuta kigari ambacho sikukiona tangu nikiwa darasa la tano. Ni Volkswagen ile ya mviringo ambayo sisi watoto tuliiita kobe, iliyotengenezwa na Corgi, kiwanda cha Uingereza cha vigari vya kuchezea, katikati ya miaka ya 1960 ikiwa imevalishwa kwa ajili ya mashindano ya magari ya East African Safari. Ina urefu wa sentimita 9 hivi, na juu ya paa ina gurudumu la akiba ambalo ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona. Iliuzwa pamoja na kifaru, na kifaru huyo yupo, ila pembe yake ya mbele imevunjika.

Tatizo ni mimi mwenyewe. Mwaka 1974 fundi alikuja kupaka rangi madirisha ya nyumba yetu, akaacha kopo la rangi ya mafuta ya bluu likiwa na mabaki. Nilichukua brashi nikakipaka kigari chote, kwa kuwa nilitaka kifanane na gari la mwalimu mkuu wetu. Baba alinichapa, kisha akakichukua kigari, na tangu siku hiyo sikukiona tena mpaka juzi. Rangi hiyo ya bluu bado ipo, nzito kwenye boneti, na milangoni imeteremka ikagandia kama machozi. Kifuniko cha injini nyuma kimeganda, na kioo cha mbele kina alama za brashi. Hata hivyo, pale ambapo rangi imebanduka, hasa kwenye madigadi ya magurudumu, naiona rangi ya asili, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, ikiwa inang'aa kama ya jana. Mlango wa kulia una sehemu iliyobanduka inayoonyesha nusu ya namba 18.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, je, inawezekana kuitoa bluu peke yake na kuibakiza nyekundu iliyo chini? Pili, kuna jirani anayetengeneza sabuni ambaye amenishauri nikiloweke kigari katika kostiki soda usiku kucha, nikipake rangi upya asubuhi. Je, ushauri huo ni salama?

RiwayaYaZinki (Nairobi)

Ndugu Kobe, karibu sana ukumbini, na pole kwa msiba wa mzee. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ukikosea hapo la kwanza halitakuwa na maana tena. Tafadhali usikiloweke kigari hicho katika kostiki soda.

Vigari hivi vimetengenezwa kwa zamaki, ambayo ni zinki kwa sehemu kubwa sana, aluminiamu kiasi cha asilimia 4, na magnesiamu na shaba kwa uchache. Jina lenyewe limeokotwa katika herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya metali hizo. Sasa, zinki na aluminiamu zina tabia ambayo chuma cha kawaida hakina: zinaliwa na asidi, na zinaliwa vilevile na magadi makali. Ukikitumbukiza kigari katika kostiki utaona mapovu yakipanda, na utadhani ni rangi inayochemka, kumbe rangi ilikwisha kutoka zamani na yale mapovu ni hidrojeni inayotolewa na metali inapoliwa. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2009 niliacha Land Rover moja ya Matchbox ndani ya kostiki kuanzia magharibi hadi alfajiri, na nilipoitoa ngozi yake ilikuwa imekwaruza kama biskuti, mistari ya milango imefifia, na bawaba moja imekuwa nyembamba kama uzi. Ninayo mpaka leo, nimeiweka kwenye rafu ya juu ili inikumbushe. Wapo wanaoitumia kostiki kwa dakika chache, katika maji mengi na huku wakitazama saa, na wanafanikiwa, lakini hata hao wanakusudia kuvua rangi yote. Wewe unataka kubakiza tabaka moja kati ya mawili, na kostiki haina macho ya kubagua.

Kuhusu swali la kwanza, nina habari njema. Rangi ya kiwandani ya vigari vya wakati ule ilikuwa enameli iliyochomwa katika tanuri, kwa hiyo ilikauka kwa moto na kuwa ngumu. Rangi ya madirisha uliyoipaka wewe ilikauka kwa hewa tu, juu ya uso ambao bila shaka hukuusugua msasa wala kuufuta mafuta ya vidole. Haikushikana na nyekundu, imeikalia tu. Ndiyo maana imebanduka vipande vipande kwenye madigadi na kuiacha nyekundu salama.

Mimi ningefanya hivi. Ningekigeuza kwanza na kukikagua chini na ndani kwa kioo cha kukuza, nikitafuta nyufa ndogo zenye unga mweupe. Hiyo ni maradhi ya zinki, yanayoletwa na uchafu wa risasi uliochanganyika na zamaki kiwandani, na hayana dawa. Yameenea zaidi katika vigari vya kabla ya vita ya 1939, kwa hiyo cha kwako sikitilii shaka sana, lakini kukagua hakugharimu kitu. Kisha ningekiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikakikausha kabisa. Baada ya hapo ningechagua mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa boneti, nikajaribu spiriti nyeupe ya hospitali kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu, sekunde kumi, nikafuta na kutazama pamba. Ikiwa pamba ina bluu, endelea. Ikiwa ina nyekundu, acha papo hapo. Ikiwa haina chochote, tumia tina (dawa ya kuyeyushia rangi) iliyochovywa kidogo sana, sekunde tatu au nne, halafu sukuma bluu iliyolainika kwa kijiti cha meno kilichochongwa bapa kama patasi. Usitumie kisu wala sindano. Mti hauna uwezo wa kuikwaruza enameli iliyochomwa, na hiyo ndiyo siri ya kazi nzima.

Jambo la mwisho ni vioo. Plastiki ile angavu ikiguswa na tina inapasuka nyufa za utando wa buibui na haitarudi tena. Pale kwenye kioo cha mbele tumia kijiti kikavu, ukimalizia kwa dawa ya meno na kitambaa laini.

PulizaMwanza

Shikamoo mzee Kobe, na shikamoo mzee Riwaya. Mimi ni fundi rangi wa magari makubwa, vigari nimevianza miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo naomba nisemwe nikikosea.

Kwa maoni yangu mzee Kobe angeivua rangi yote na kukipaka upya. Nyekundu iliyopo chini haijulikani ikoje mahali ambapo haijaonekana, na watu wengi wakifika katikati ya kazi wanakuta imechubuka nusu, wakalazimika kuvua yote huku wameshapoteza wiki mbili. Badala ya kostiki, kuna dawa ya kuvulia rangi inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, ile inayopakwa kama uji na kuifanya rangi ijikunje, na haina ubaya na zamaki mradi uoshe vizuri baadaye. Itakubidi ukifungue kigari kwanza. Chini utaona vichwa viwili vya riveti, ambavyo kwa kweli ni nguzo za bodi yenyewe zilizopondwa vichwa. Unatoboa kichwa tu kwa keekee ya milimita 4, polepole na kwa mkono ikiwezekana, sahani ya chini inaachia. Wakati wa kufunga unatoboa nguzo katikati kwa milimita 1.6, unakata uzi wa skrubu ya milimita 2, na skrubu zenyewe omba kwa fundi wa kompyuta, kwa maana laptopu mbovu zimejaa skrubu za namna hiyo.

Kwenye kupuliza ndiko sisi wa magari makubwa tunakoharibu, na hapa ninayo ya kusema kwa uhakika. Nilipoanza nilipiga kigari praima (rangi ya chini), fila ya kujazia mashimo, rangi mara tatu na klia ya kung'arisha mara mbili kama ninavyofanya kwenye Hiace, kikatoka kinang'aa sana lakini kinafanana na sabuni iliyotumika. Nilikaa nikapiga hesabu. Tabaka zote pamoja zilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ambazo kwenye gari halisi si kitu. Lakini kigari cha mzee Kobe ni takribani moja kwa 45, yaani gari halisi ni kubwa mara 45 hivi, kwa hiyo unene huo ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya unene wa milimita 4 na nusu. Ni kama umelibandika mbao nyembamba mwili mzima. Mistari ya milango inajaa, nembo inapotea. Tangu hapo napiga praima mara moja nyepesi, rangi mara mbili kama ukungu, nasimama sentimita 20 hadi 25, na kopo la kupuliza nalitia kwanza katika beseni la maji ya vuguvugu, si ya moto, ili rangi itoke laini.

Na kwa kuwa mzee yuko Tanga, asipulize wakati wa mvua wala jioni. Unyevu wa pwani ukikutana na tina inayokauka haraka, rangi inapata ukungu mweupe kama maziwa. Saa nne asubuhi siku ya jua, kivulini, ndio wakati wake.

RiwayaYaZinki (Nairobi)

Marahaba, fundi. Hesabu yako ya unene ni nzuri kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyasoma juu ya jambo hilo, na nitaiiba. Kuhusu kuvua yote, hata hivyo, tunatofautiana. Kigari kilichopakwa upya vizuri kinaweza kupendeza, lakini wakusanyaji hukihesabu kuwa chini ya kile chenye rangi yake ya kiwandani, hata kama hiyo ya kiwandani imechubuka. Nguzo za riveti nazo ukishazitoboa hazirudi. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba uamuzi wako unaweza kufanyika wakati wowote baadaye, ilhali wa kubakiza unaweza kufanyika sasa tu. Mzee Kobe akijaribu kijiti cha meno akashindwa, dawa yako ya kuvulia bado itakuwepo dukani.

MkunaziniModeli (Zanzibar)

Nawaamkia nyote. Mimi ninaunganisha zaidi modeli za plastiki za moja kwa 24 kuliko kurejesha vigari vya zamani, lakini magari ya Safari ndiyo ninayoyapenda. Hivi karibuni nimemaliza Datsun 240Z ya kiwanda cha modeli cha Hasegawa, ile waliyoshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo ambalo kaka zangu hawajaligusa, nalo ni alama za karatasi.

Kaka Kobe, nusu ya namba 18 uliyoiona mlangoni inaniambia kwamba bluu yako ilipita juu ya alama. Kwenye boneti, chini ya ile rangi nzito, huenda maandishi ya East African Safari nayo yamo. Alama hizo hazina nguvu ya enameli. Spiriti ambayo haiigusi nyekundu inaweza kuing'oa namba 18 nzima ikaja na pamba. Kwa hiyo usianzie milangoni wala kwenye boneti. Anza na paa, madigadi na nyuma, mkono uzoee, na milango iwe ya mwisho. Ukifika pembeni mwa namba, weka spiriti kando na utumie kijiti kikavu peke yake chini ya kioo cha kukuza, hata kama utamaliza jioni nzima kwa eneo la ukubwa wa punje ya mtama.

Ikitokea umezipoteza, usikate tamaa. Kuna karatasi za alama zinazolowekwa majini, unachapisha mchoro wako kwa printa ya leza kwenye duka lolote la vifaa vya kuandikia, unakata, unaloweka kama nusu dakika, unatelezesha alama mahali pake kwa brashi yenye maji. Angalizo ni moja, ambalo lilinipotezea karatasi tatu: printa hizi za kawaida hazina wino mweupe. Ukichapisha namba nyeusi yenye duara jeupe kwenye karatasi angavu, ile nyeupe inatoka tupu, na juu ya gari jekundu utaona namba nyeusi inaelea kwenye wekundu. Duara jeupe likatwe kwenye karatasi nyeupe ya alama, libandikwe kwanza, likauke, ndipo namba ije juu yake. Halafu uso wa chini uwe wa kung'aa, si wa kufifia, maana kwenye uso uliofifia hewa hunaswa chini ya alama na kuacha mng'aro kama wa magamba ya samaki.

Nataka pia kusema neno kuhusu gundi, kwa kuwa naona kioo kitaguswa. Msiisogeze supaglu karibu na kioo. Mvuke wake unakifanya kiwe na utusitusi mweupe hata kama tone lenyewe halijakigusa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na ikikauka inakuwa angavu.

Najua hamkuuliza historia, lakini nashindwa kunyamaza. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen hizi zilikuwa magari ya kuogopwa humo kwa injini iliyokaa nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, jambo lililozisaidia sana kwenye tope. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen 1200. Kwa hiyo kiwanda cha Uingereza hakikubuni gari la kuchekesha na kifaru. Kifaru ndiye aliyeongezwa.

PulizaMwanza

Shikamoo dada Mkunazini. Hilo la wino mweupe limenieleza kosa langu la mwezi jana. Nilidhani printa ni mbovu, nikagombana na kijana wa watu.

Mzee Kobe, tairi hukuzitaja, lakini kama zimechakaa na hutaki kuagiza nje, pima kipenyo cha rimu na upana wake, kisha nenda kwenye maduka ya vipuri vya haidroliki uombe oringi, zile pete za mpira. Dar utazipata Gerezani. Hazina kashata, lakini nyeusi yake na mviringo wake vinakubalika, na kwa umbali wa mkono hakuna atakayejua.

KobeWaChumbageni (Tanga)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa wiki tatu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu cha kusema. Kostiki sikuigusa, na riveti sikuzitoboa.

Nilianza na paa kama dada alivyoshauri. Spiriti ilitoa bluu hafifu sana kwenye pamba, kwa hiyo nikaenda kwenye tina, na nilichogundua ni kwamba tina haikupaswa kuyeyusha chochote. Ukiigusisha, ukahesabu hadi nne, ukaifuta, bluu inanyanyuka kidogo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na hapo kijiti cha meno kinaingia chini yake na kuivuta ukanda mzima. Paa lilichukua jioni mbili. Nyekundu iliyotokea ni ile ile ninayoikumbuka, ina mikwaruzo miwili ya zamani ambayo nadhani ni ya saruji ya baraza yetu. Kifuniko cha injini kiliachia siku ya tano baada ya kupitisha uzi wa kushonea katika ufa wake mbele na nyuma, na ndani kuna injini ndogo ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa kwamba ipo. Kioo cha mbele kimesafika kwa dawa ya meno, isipokuwa mstari mmoja wa brashi kwenye kona.

Kwenye boneti maandishi yapo. Herufi mbili za mwisho ziliondoka na bluu kabla sijawa mwangalifu vya kutosha, nyingine zimesalimika. Mlango wa kulia namba 18 imetoka yote ikiwa kamili, kwa kijiti kikavu, jioni nne. Mlango wa kushoto ndio ulionisimamisha. Ile rangi iliyoteremka kama machozi imekaa juu kabisa ya namba, na nilipojaribu ukingo wake, kipande cha duara jeupe kikanyanyuka pamoja nayo. Nimekirudisha kwa tone la gundi nyeupe na nimeacha hapo. Kwa sasa kigari changu ni chekundu pande zote ila mlango wa kushoto wa bluu wenye machozi matatu. Mke wangu anasema kinafanana na teksi.

Swali langu la sasa ni dogo: ule mlango niuendee au niuache? Na kifaru nimfanyeje pembe?

MkunaziniModeli (Zanzibar)

Hongera sana, kaka. Mlango uache. Namba ya kulia ikiwa salama, ya kushoto ikifa utakuwa umeibadilisha alama halisi kwa ya kuchapisha, na hutapata chochote ambacho huna sasa. Boneti nayo usiziongeze zile herufi mbili. Wanaoijua watazisoma hata zisipokuwepo.

RiwayaYaZinki (Nairobi)

Naunga mkono. Piga picha ya mlango huo kwa karibu, na uandike kwenye kikaratasi ni nani aliyeupaka, mwaka gani na kwa rangi gani, kikae ndani ya kisanduku pamoja na kigari. Aliye nacho baada yako asije akadhani ni kazi ya kiwandani, akapoteza usiku kuitafuta kwenye orodha za wakusanyaji.

PulizaMwanza

Mzee wangu, pembe ni kazi rahisi. Nunua puti ya epoksi ya vipande viwili, kata sawa kwa sawa kiasi cha punje ya harage, ikande mpaka usione mistari ya rangi mbili. Toboa kitundu chembamba puani pa kifaru, ingiza kipande cha pini iwe kama mfupa, kisha jengea pembe juu yake kwa vidole vilivyolowa maji. Ifanye nene kuliko unavyotaka, maana utaipunguza kwa msasa namba 400 baada ya saa 24. Itafute picha ya kifaru huyo akiwa mzima kabla hujaanza, kwa sababu wangu wa kwanza nilimtengenezea pembe iliyopinda kwenda mbele, akatoka kama bata.